Marehemu Aliyecheka Kwenye Sinema ya Vita

Mumeo mmemlilia, matanga mmemaliza, halafu unamwona kwenye sinema anatafuna muwa na kucheka. Jamani, utafanyaje?

Hayo yalimkuta shangazi yangu Zipporah, Malindi, mwaka wa themanini na sita. Alinisimulia mwenyewe.

Mumewe aliitwa Kaingu. Wazungu walipokuja Ngomeni kupiga sinema ya vita, walimchukua awe mmoja wa askari wa nyuma, wale wa kubeba masanduku na kupiga saluti.

Kazi ya Ngomeni ikaisha, wageni wakahamia bara; Kaingu akasema anakwenda Kilifi kutafuta kibarua.

Haukupita muda mrefu, Bi Kahonzi, mamake Kaingu, akarudi kutoka Kilifi alikokwenda kumwona, akilia, shati na viatu vya mwanawe mkononi.

"Zipporah mwanangu, maji yamemchukua. Alikuwa akioga, mkondo ukambeba."

Mwili haukuonekana. Watu walilia bila kaburi.

Zipporah alinyoa nywele, akakonda mpaka magauni yakamkataa. Alibaki pale pale kwa Bi Kahonzi, mavyaa wake. Wakilima pamoja, wakila pamoja.

Baadaye akaja Joram, seremala kutoka bara, mtu wa maneno machache. Akamposa.

Zipporah aliona haya. Bi Kahonzi ndiye aliyemsukuma.

"Olewa, mwanangu. Usizeeke na kilio."

Basi ndoa ikatangazwa kanisani.

Wiki ile ile, sinema ya wale wazungu ikaletwa Malindi, bure kwa wenyeji. Ukumbi ukafurika. Zipporah akaketi na mavyaa wake. Alitaka kumwona Kaingu mara ya mwisho, amuage, aolewe kwa amani.

Hadithi ilikuwa ya ofisa mzungu na nesi wake, wanapendana mabomu yakianguka.

Mabomu yalikuwa sawa. Kasoro ilikuwa wapenzi wenyewe.

Bwana alitamka mahaba kama mtu anayenadi mbuzi. Bibi naye alimuaga mwanamume anayekwenda kufa, macho makavu, anatazama pembeni.

Mtu akapaza sauti, "Hawa wanapendana au wanangoja basi?"

Ukumbi mzima ukacheka.

Kama wale wawili wangekuwa na mvuto, Zipporah asingeona kitu. Lakini walimchosha. Macho yake yakaanza kuzurura nyuma yao, kwa askari wanaopakua magunia kwenye stesheni ya reli.

Ndipo akamwona Kaingu. Amevaa koti zito, anatafuna muwa, anacheka na mwanamke mmoja mpishi. Mkono wake kiunoni mwa yule mwanamke.

Nyuma yao vilima, na ukungu mzito.

Pwani gani hiyo yenye ukungu?

Ukumbini, mbele ya Zipporah na mavyaa wake, alikuwa ameketi Kamande, dereva aliyewabeba wale wazungu. Akajigamba kwa jirani yake, "Hapo ni Naivasha! Januari ile, baridi ya alfajiri nusura ituue."

Januari. Na matanga yalikwisha kabla ya Krismasi.

 Zipporah akamgeukia mavyaa wake ili washike vichwa pamoja, walie pamoja, mwana yu hai!

Bi Kahonzi hakushtuka. Alikuwa ameinamisha uso, anasokota ncha ya leso yake.

"Mama," Zipporah akanong'ona. "Ulijua?"

Bi Kahonzi akazidi kusokota.

"Mama, ulijua?"

"Twende nje."

Nje, Bi Kahonzi akaegemea ukuta.

"Aliniambia amepata mwanamke, anaitwa Mumbua, mpishi wa wale wazungu, anamfuata bara na harudi. Nikamsihi mpaka magoti yakauma. Akavua shati na viatu, akanipa, akasema tumhesabu amekufa. Nikawaza, nikisema amekuacha, utamngoja mpaka uzeeke. Mjane huolewa. Aliyeachwa hukaa akichungulia njia. Nikamuua mimi, ili wewe uwe huru."

"Nilinyoa nywele, mama. Nililala chini."

"Najua. Nililala kando yako."

 Usiku ule Zipporah hakulala.

Asubuhi alikwenda kwa Joram. Angeweza kunyamaza; mbali na mavyaa wake, hakuna mwingine mjini aliyegundua ni Kaingu. Alimweleza yote.

Joram akaweka randa chini. "Basi wewe bado mke wa mtu," akasema. "Twende kwa mchungaji."

Ndoa ikasimamishwa. Mji mzima ukapata la kusema.

Kamande akatumwa bara kumleta Kaingu. Kaingu akaja, amenenepa, amevaa viatu vya kung'aa. Mbele ya wazee akakiri amemwacha.

Zipporah alimuuliza neno moja tu. "Ulijua tunakulilia?"

"Nilijua."

"Na ukala, ukashiba?"

Kaingu akatazama viatu vyake.

Wazee wakaivunja ndoa ile ya kwanza. Mwaka uliofuata Joram akamwoa.

Siku ya harusi Bi Kahonzi hakualikwa. Alikuja hata hivyo, akasimama nje ya kanisa na kuku kwapani. Zipporah akatoka, akamwamkia, "Shikamoo, Bi Kahonzi."

Si mama tena.

Kikongwe akaitikia marahaba, akamkabidhi kuku, akashika njia.

Ndugu zangu, mwenye uchungu mpe ukweli wake. Ukimdanganya umpunguzie machozi, ipo siku atalia upya, na safari hiyo atakulilia wewe.