Baba Akirudi

Harufu ya vanishi iliingia nyumbani kabla ya baba mwenyewe. Alikuwa fundi seremala hapa Mpanda, na kiangazi kile nilipokuwa darasa la tatu alirudi kila jioni na hasira zake na kipande cha mbao ya mninga mkononi. Alinipiga mgongoni, mapajani, popote kilipofika. Nikilia, aliongeza. Basi nikajifunza kuuma nyama ya ndani ya shavu mpaka damu ijae mdomoni, sauti isitoke. Mwishowe nikawa naiuma hata darasani bila kujijua, na mdomo wa chini pia.

Mashavu yakawa meupe kwa ndani, yamechanikachanika. Siku baba alipoyaona, alimgeukia mama. "Umeniletea ugonjwa ndani ya nyumba!" Akambamiza ukutani, akampiga ngumi hadi jicho likavimba na kufungika.

Asubuhi mama alinipeleka zahanati, mtandio ameushusha usoni. Daktari, mwanamke wa makamo, alinipima damu, ilikuwa safi. Akavuta shavu langu kwa kijiti, akamulika kwa tochi, akaniambia nifunge meno taratibu. Meno yakakaa sawasawa juu ya vidonda.

"Mama, mtoto hana ugonjwa wa kuambukiza. Anajitafuna." Kisha akaniinamia. "Unajitafuna wakati gani, mwanangu?"

"Baba akirudi."

Mama akaufunua uso wake, daktari akaliona lile jicho. Hatukurudi nyumbani. Tulipanda gari la kwenda Karema na nguo tulizovaa, tukaenda kwa mama mdogo.

Siku ya tatu baba alitufuata, akavunja mlango kwa teke, akamkamata mama nywele. Mama mdogo akachukua mchi wa kutwangia, akampiga nao begani. Nilisikia mfupa ukivunjika, nikafurahi. Sijawahi kuionea haya furaha ile. Daktari hakunipa dawa yoyote, lakini kabla mvua hazijaanza, tukiwa bado kwa mama mdogo, mashavu yalikuwa yamepona.

Sasa baba ni mzee, anaishi Sibwesa, bega limepinda. Mwezi uliopita nilimpelekea wanangu wamsalimie. Walipoanza kubishana naye kwa sauti juu ya mpira, alinitazama akatikisa kichwa.

"Wewe ulikuwa na adabu."

"Sikuwa na adabu, baba. Nilikuwa nakuogopa."

Binti yangu wa miaka tisa akamvuta mkono, akamwambia, "Babu, bado hujanijibu."