Kamba ya Bwana Chokaa

Baba yangu aliishia darasa la nne, lakini uwanja wa sekondari yetu, shule ya madarasa manne na kengele ya ringi la lori, aliuchora yeye kwa miaka ishirini na tisa. Alikuwa na kamba moja ya mita hamsini. Aliilaza mara nane kuuzunguka uwanja, zikawa mita mia nne, kisha akamwaga chokaa. Ndipo akaitwa Bwana Chokaa. Kila tulipokwenda kukimbia kwa watu tulirudi na ngao, hadi ofisini kwa mwalimu mkuu kalenda ikakosa pa kutundikwa. Mimi sikuleta hata moja. Nilishika mkia miaka yote, wakaniita Kobe.

Mwaka huu akaja mwalimu mpya wa michezo na tepu yake ya kupimia. Akapima, akarudia.

"Mzee, uwanja wako una mita mia nne thelathini na mbili!"

Kumbe kamba ilinunuliwa dukani kwa mjomba, naye mjomba, kwa kuwa mnunuzi ni shemeji yake, aliongeza mita nne za ukarimu. Nilipandwa na hasira.

"Miaka minne naitwa Kobe, kumbe nakimbia na nyongeza ya mjomba!"

"Na wenzako je," mama akauliza, "walikuwa wanapanda baiskeli?"

Baba hakucheka. Alinyang'anywa ndoo ya chokaa, akapewa ufagio. Kamba akaenda kumfungia mbuzi, na wiki nzima hakuzungumza na mtu ila mbuzi huyo. Nilimwonea huruma mno.

Uwanja ukachorwa upya, sahihi kabisa. Muhula huo tukaenda mashindanoni, tukarudi mikono mitupu.

"Zamani," mwanafunzi mmoja akamwambia mwalimu mkuu, "tukienda kwa watu, tulikuwa tunamaliza kabla hatujachoka."

Kesho yake mwalimu mkuu akaingia uani kwetu, viatu vyake vya ofisini vimejaa tope.

"Shikamoo, mzee. Naomba urudi na ile kamba."

"Marahaba. Si ina makosa?"

"Hiyohiyo yenye makosa."

Baba akamalizia chai yake kwanza, taratibu, huku anatabasamu. Mwalimu mkuu akainama kumfungua mbuzi, fundo likamshinda, akaomba kisu.

"Hapana, mwalimu, usiikate!" Baba aliruka kitini. "Ikipungua hata shubiri moja, tumeshindwa!"