Tairi Zilizokwisha Kabla ya Mahindi Kukomaa

Gari lile nilipewa na tajiri wangu wa Nairobi, mwenye gereji ya magari ya mashindano, alipofunga kazi mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa fundi wake kwa muda mrefu. Lilikuwa la milango miwili, limelala chini, na injini yake ikinguruma, kuku wa kwetu Malava walikimbilia jikoni. Nililipenda kuliko inavyofaa mtu kupenda chuma.

Siku ya kunikabidhi funguo alinionya. "Tairi za gari hili ni laini. Zinashika barabara kama kucha, lakini hazidumu. Za nyuma hutangulia kwisha, maana nguvu yote ya injini inaishia huko. Zikiwa kipara, mvua ikinyesha, liache nyumbani."

Hayo niliyajua, ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Lakini nilipofika nyumbani nilikata kona kwa kasi ili watu wageuke. Tairi nilizofunga wakati wa kupanda mahindi zikaisha kabla mahindi hayajakomaa. Upana ule haukupatikana Kakamega mjini, wala Webuye. Nikahamisha za mbele nikazipeleka nyuma, nazo zikaisha.

Mke wangu alikuwa na mimba yetu ya kwanza. Siku moja alipitisha kiganja juu ya tairi. "Hii imekuwa kama sahani. Na siku yangu ikifika?"

"Itafika tukiwa na mpya," nikamjibu.

Siku ilifika kabla. Uchungu ulimshika alfajiri, na kufikia saa nane mchana mkunga, mama mmoja jirani yetu, alitoka chumbani akifuta mikono. "Mwanangu, mtoto amekingama tumboni. Mimi siwezi. Mpeleke Kakamega, upesi."

Wingu lilikuwa limeshatanda. Tukamlaza mke wangu kwenye kiti cha mbele, mkunga akajikunja nyuma. Nikaendesha polepole kuliko nilivyowahi kuendesha maisha yangu yote. Mvua ilipoanza, nilihisi gari likielea. Kwenye kona ya kwanza liliteleza, kisha likanyooka. Ya pili, mkia ukanipita. Tulizunguka mara moja, tairi ya nyuma ikapasuka ukingoni, tukatua mtaroni.

Mke wangu hakupiga kelele. Alinishika mkono wa shati tu, akasema, "Nitoe humu."

Niliruka nje nikainua mikono. Pikapu ya kwanza ilipita, imejaa watu. Ya pili ikapunguza mwendo, dereva akatutazama, akaondoka. Nilipiga magoti kwenye lami, mtu mzima, nikilia mbele ya mkunga. Yeye akanikemea: "Simama! Utalia baadaye!"

Aliyesimama alikuwa dereva wa trekta la miwa, akirudi mjini na trela tupu. Alivua koti lake akalitandika juu ya mabaki ya majani ya miwa, tukambeba mke wangu tukamlaza hapo. Trekta lilikwenda kwa mwendo wa ng'ombe. Nilimkinga mvua kwa kifua changu, nikihesabu pumzi zake, na kila ilipochelewa moja nilimwita. Kuna mahali hakuitika. Mkunga akampiga makofi ya shavuni mpaka akafumbua macho.

Hospitalini walimkimbiza kwenye chumba cha upasuaji. Nilibaki kwenye benchi, matope mpaka magotini, nikimwomba Mungu anichukue mimi.

Mtoto alitoka hai, msichana, ingawa alichelewa kulia. Mama yake alipoteza damu nyingi, na ilikuwa siku ya tatu alipoweza kuzungumza nami.

"Ulijua zimekwisha?" akaniuliza.

"Nilijua."

Akaniomba maji, nikampa, akanywa yote, akageukia ukutani. Nilikaa pale na kikombe mkononi, sijui niondoke au nibaki. Nikabaki.