Mate ya Yohana

Wiki iliyopita nilikalia kiti cha mwenzangu wa ofisini aliyekuwa ametoka kwenda kunywa chai, nikashika kipanya cha kompyuta yake, nikakiachia papo hapo kama mtu aliyeshika mjusi gizani. Kilikuwa na unyevu. Si maji, ni ule unyevu wa kiganja cha mtu, wenye uvuguvugu bado. Nikafanya kosa la kunusa vidole vyangu: sambusa, jasho, na kitu kingine kichachu ambacho mpaka leo sijakipatia jina. Nilikimbilia bombani. Wenzangu walicheka, maana wananijua. Mkoba wangu haukosi kitambaa na kichupa cha spiriti, na wao wanadhani ni maringo tu. Nyie nitawaambia ukweli. Harufu ile ilinirudisha moja kwa moja kwenye chumba cha gemu cha mjomba Lameki, Chang'ombe, hapa hapa Dodoma, nilipokuwa na miaka kumi na moja.

Kilikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba yake, lenye kompyuta tano kuukuu. Ukifungua mlango mchana wa kiangazi, hewa ya ndani ilikupokea usoni: soksi, mihogo ya kukaanga, na vichwa vya watoto ambavyo havijaona sabuni tangu Jumapili. Ukuta uling'aa pale tulipozoea kuegemeza visogo. Sisimizi walikuwa na njia yao kwenye kibodi, wakibeba makombo yetu bila kumwogopa mtu. Msimu wa zabibu ulipofika, mke wa mjomba aliuza mlangoni zile zinazoletwa kutoka Makutupora, na kila kitu mle ndani kikawa kinanata.

Lakini hakuna kilichonitia kinyaa kama kipanya cha kompyuta ya dirishani. Zamani kilikuwa cheupe. Mimi nilikikuta kina rangi ya ukoko wa ugali, na kwenye mifereji yake mlikuwa na utando mweusi uliochanganyika na pilipili ya mihogo. Kile kigurudumu cha katikati kilikuwa kimefuga nywele, sijui za nani. Mjomba alikataza kukifuta kwa kitu chochote chenye maji. "Maji na umeme ni maadui," alisema, na kauli yake mle ndani ilikuwa sheria.

Pamoja na hayo, kile kiti cha dirishani nilikipenda kuliko kitanda changu. Hapo kulikuwa na upepo, na ile ndiyo kompyuta pekee isiyokwama katikati ya gemu la mapanga, gemu ambamo kila ukibofya unapiga pigo moja. Kwa kuwa nilikuwa mpwa wa mwenye chumba, kiti kilikuwa changu bila mjadala. Nilishika kipanya kwa ncha za vidole, nikicheza huku nimekunja pua.

Kisha akaja Yohana. Huyu alikuwa mtoto wa mama mkubwa, ananizidi miaka miwili, ametoka Mlali kuja kusoma mjini. Kwa hiyo naye alikuwa mpwa wa mjomba Lameki. Siku ya kwanza aliingia, akamwamkia mjomba shikamoo, akaenda kukalia kiti changu kama mtu aliyerudi kwake. Nikapiga kelele. Mjomba, ambaye hakupenda ugomvi wa ndugu mbele ya wateja, akaamua kwamba kiti atapewa mwenye kidole chepesi. Kulikuwa na ukurasa mtandaoni wa kupima mambo hayo: unabofya mfululizo kwa sekunde kumi, kisha unakuambia wastani wako kwa sekunde moja. Mtihani ungefanyika kila Jumamosi, kipanya ni hicho kimoja kwa wote ili haki itendeke.

Nilitangulia mimi, nikapata sita kasoro. Yohana akasogea. Akanyanyua viganja mbele ya mdomo, ptu! ptu!, akavisugua, akakishika kipanya.

Kila aliyewahi kwenda shambani huku kwetu anakijua kitendo kile. Babu yetu Mlali hakuwahi kushika mpini wa jembe bila kutemea viganja kwanza. Lakini babu alikuwa anatemea jembe lake! Mwili ulinisisimka kuanzia utosini. Watoto wakashangilia kama wamemwona mchawi, na Yohana akapata saba na ushee. Kiti kikawa chake.

Jioni nilimsimulia mama yote, nikieleza kuhusu yale mate kwa undani mpaka akasukuma bakuli la mlenda kando. Akanitazama mikono, akatazama na kucha zangu zilizojaa weusi. "Nyani haoni kundule," akasema. Nikafurahi sana kwamba mama yuko upande wangu.

Wiki ile nilifanya mazoezi ya kufa mtu. Nilikata kucha. Nilijifunza kukaza mkono kuanzia kwenye kiwiko hadi ukatetemeka wenyewe, na kutumia vidole viwili kwa kupokezana. Nilibofya mapajani, nilibofya vizibo vya soda, nilibofya jalada la Biblia kanisani hadi mama akanifinya na mzee wa kanisa akageuka. Usiku kidole kiliendelea kurukaruka chenyewe chini ya shuka. Shida yangu haikuwa kidole, ilikuwa kugusa mahali alipogusa Yohana. Basi Jumamosi nilikwenda nimevaa mkononi kifuko cha nailoni cha kufungia karanga, nimekikaza kwa mpira kwenye kifundo.

Walicheka hadi mke wa mjomba akaingia kuona kuna nini. Nailoni iliteleza, kidole kikakosa kitufe, nikapata tano. Yohana akafanya ptu! ptu! yake na kupata saba na nusu.

"Tabi," aliniambia akicheka, "hicho kifuko si ungebebea zabibu?"

Hapo ndipo nilipoyachukia mate yake na kuanza kuyaamini, vyote kwa pamoja. Nyie wenye kuijua Dodoma mnajua kiganja cha kiangazi kilivyo: kikavu, kina mipasuko, kinakwaruza kama jani la mtini. Nikajiambia kwamba siri yote imo humo. Yeye kidole chake kinanasa, changu kinateleza. Nilitaka kiti changu.

Jumamosi iliyofuata nilikula zabibu mlangoni, nikaingia. Yohana alikuwa ameshapima, amepata nane kamili, amejiegemeza ukutani kama bwana shamba anayekagua shamba darasa. Nikasimama mbele ya kompyuta. Nikafumba macho, nikavuta mate kutoka chini kabisa, nikayatema yote kwenye kiganja cha kulia. Yalikuwa mengi kuliko nilivyotarajia, yana rangi ya zambarau na kipande cha ganda. Nikayasugua. Nikakifumbata kipanya kwa mkono mzima, kwa mara ya kwanza tangu nikijue. Nikabofya.

Nane nukta mbili.

Banda lilivuma. Mjomba, ambaye kumbe mate hakuyahesabu kuwa maji, akanipiga bega, akasema, "Kiti cha mwenyewe!" Nikageuka kumtazama Yohana alivyoumia. Hakuwa akitazama namba. Alikuwa akitazama kipanya, kilichokuwa kinang'aa, na ute uliokuwa ukishuka taratibu kwenye waya. Uso wake ulikuwa umekunjamana kabisa. Nilikuwa nauona uso ule kwa mara ya kwanza kwa mtu mwingine, maana siku zote niliuvaa mimi.

"Umetema kweli?"

"Si kama wewe!"

"Mimi?" Akanionyesha viganja vyake, vikavu vyeupe kama vimepakwa unga. "Mimi naigiza tu, natoa sauti. Jembe ni la kwetu, lile nalitemea. Hiki wanashika watu wote. Nitakitemeaje?"

Nikamwambia ni mwongo. Lakini hakuna aliyeniunga mkono, na nilipojaribu kukumbuka ni lini nililiona tone lenyewe, sikukumbuka. Nilikuwa nimesikia ptu! tu, nikageuza uso upesi kwa kinyaa. Yaliyobaki nilijitengenezea mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata Yohana alikuja kupima akiwa amevaa kifuko cha nailoni mkononi. Hakuna aliyecheka. Alipata tano, akatoka nje kununua mihogo, na hakukigusa tena kipanya kile.

Kiti nikabaki nacho. Na wale watoto wengine, walipoona mate yameshinda, wakaanza kutema, tena kwa moyo, kwenye vipanya vyote vitano, mpaka banda likanuka kama zizi. Leo najua mate hayakuniongezea hata nukta moja, kilichonipa nane ni kidole kilichofanya kazi mapajani na kanisani. Wakati ule sikujua. Niliendelea kukaa dirishani, upepo ukinipiga, nimeshika kitu kilichonata na kunuka zabibu zilizochacha. Hakukuwa na wa kumkunjia pua, kwa sababu harufu ile ilikuwa yangu.

Nilikuwa nimeshapata ajira, siku moja nasafisha meza yangu kwa spiriti, ndipo nilipoelewa methali ile mama aliitoa akiwa ameangalia kucha za nani. Miaka yote ile nilidhani nyani ni Yohana.