Mshenga Aliyesinzia Ruziba

Mume wangu Darius ni seremala hapa Bwiza, lakini watu hawamtafuti kwa sababu ya meza zake. Wanamtafuta kwa sababu ya mdomo. Siku ya mahari baba wa kijana hasemi kitu. Mshenga ndiye anayesema, anayetania, anayeomba msichana kwa mafumbo mpaka wenyeji wacheke wenyewe na kumtoa. Darius amewaozesha nusu ya mtaa huu.

Shida yake ni vumbi la mbao. Anapiga chafya, macho yanatoka maji, shingo inamuwasha mpaka anajikuna kama mbuzi ukutani. Miaka yote anameza vidonge vya njano, klorofeniramini, halafu mchana anakoroma juu ya meza ya kazi na wateja wamesimama wanamtazama. Mi nakasirika, yeye anacheka.

Mwaka huu zamu ikawa yetu. Armel, mtoto wa marehemu kaka yake, tuliyemlea sisi, alitaka kumuoa Olga, binti wa mzee Sylvère wa Ruziba. Akamwambia Darius, "Baba mudogo, ni we utaniombea, si mutu mwingine." Darius alifurahi mpaka akakosa la kusema, na hilo si jambo la kila siku.

Nikamvuta mpaka kwa Léocadie, muuza dawa wetu. Nilisema wazi: huyu atawapigia wakwe chafya usoni.

"Mzee Darius," Léocadie akamwambia, "mwili wako unazania vumbi ni adui. Unamwaga kitu kinaitwa histamini, ndiyo inakuwasha na kukutoa machozi. Kidonge kinakalia kiti chake, basi histamini inakosa pa kukaa. Lakini histamini hiyo hiyo, mu kichwa, ndiyo inakuweka macho. Hiki cha njano ni cha zamani, kinaingia mpaka mu ubongo. Ndiyo maana unalala. Chukua hiki cheupe, loratadini. Mu ubongo kinaingia kidogo sana."

"Dawa isiyolaza haina nguvu," Darius akasema.

"Bon, kama unataka cha njano, pombe apana. Vyote viwili vinalaza. Ukivichanganya, utaanguka."

"Mi sinywi," akajibu, na kweli bia hagusi.

Asubuhi ya mahari alimeza vya njano viwili badala ya kimoja, chafya isije ikamkatia maneno. Kule Ruziba wenyeji wakatoa mtungi wa impeke, ile pombe ya mtama, na mirija yake. Kabla ya neno lolote washenga wawili, wetu na wao, wanainama pamoja na kuvuta; ukikataa, umeitukana nyumba ya watu. Nikamfinya mkono. Akaninong'oneza, "Mama Kelly, hii si pombe. Hii ni heshima."

Sikio la kufa halisikii dawa. Alivuta, akasifiwa, akavuta tena.

Alianza vizuri. Alisema ng'ombe wetu amepotea, na nyayo zake zimeishia kwenye zizi la mzee Sylvère. Watu walicheka. Mshenga wao akajibu kwa hotuba ndefu, akamaliza, akangoja. Sote tukangoja. Darius kidevu kilikuwa kifuani, amelala, mate yanamdondokea kwenye tai. Nilipomtikisa alifungua macho, akaniuliza kama chakula kiko tayari.

Ardhi ingepasuka, ningeingia mzima mzima. Mzee Sylvère hakupandisha sauti. Alisimama tu. "Mutu anakuja kuomba mutoto wangu, analala. Wakishamupata, watamuchunga namna gani? Muende. Tutawaita."

Njia nzima ya kurudi Armel hakututazama. Nilimuonea uchungu, na Darius nilitaka kumpiga.

Darius hakula vizuri siku zile. Alikwenda kwa Léocadie peke yake, bila kuvutwa, akachukua kidonge cheupe. Chafya zikapungua, na juu ya meza ya kazi hakukoroma tena. Hapo ndipo akaamini. Akaenda Ruziba kuomba radhi, akaeleza yote, vumbi, histamini, mtungi, bila fumbo hata moja. Mzee Sylvère alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekusamehe, ndugu yangu. Mahari itaendelea. Lakini mushenga, mulete mwingine."

Tukamchukua jirani yetu Dieudonné, mtu mwema asiyejua kusema. Alikwama kwenye nyayo za ng'ombe, akarudia, akakwama tena. Darius alikuwa amekaa kando yangu kwenye kiti cha plastiki, mikono magotini. Niliona midomo yake inatembea bila sauti, neno kwa neno, yale Dieudonné aliyoyasahau. Nikamshika goti. Hasira zangu zote zilikuwa zimekwisha.

Olga tulipewa. Vigelegele vilipopigwa, Armel alimkimbilia Dieudonné na kumkumbatia wa kwanza, na Darius aliyaona yote, hajasinzia hata kidogo.