Chumvi ya Fahali Aliyeshindwa

Iko siku moja ya ujana wangu ambayo haijaniacha, mwanangu, na nitaanza nayo ingawa utaona kama haihusiani na ile habari ya Canada uliyoniuliza. Nivumilie. Shule mimi niliishia darasa la tatu, kwa hiyo sijui kuandika habari ikanyooka kama rula. Naandika kama ninavyotembea, na siku hizi natembea kwa fimbo.

Tulikuwa na fahali mweusi, shingo nene, jina lake Radi. Babu ndiye aliyemlea. Alimlisha majani ya viazi, akamlambisha magadi, ile chumvi ya mawe, tena alimwongelesha kuliko alivyotuongelesha sisi. Bibi alikuwa akimwambia, "Huyo akishinda, utanihamisha jikoni umlaze yeye." Babu alicheka tu. Wakati ule mapigano ya fahali hayakuwa na vipaza sauti wala wanasiasa wa kupanda juu ya magari. Ilikuwa asubuhi, umande ungali kwenye nyasi, na kila mtu alijua fahali yupi analala kwa nani.

Basi asubuhi hiyo Radi alikutanishwa na fahali wa mzee mmoja wa ng'ambo ya mto, mzee aliyefiwa na mkewe mwaka huo. Hayakuwa mapigano. Walisukumana vichwa muda mfupi, kisha yule mwingine akageuka akakimbia, pembe moja imepasuka. Kwetu fahali akishinda watu huvunja matawi, ngoma za isukuti zikapigwa, naye akasindikizwa nyumbani kwa nyimbo. Lakini iko adabu moja ambayo sijaiona imeandikwa mahali. Mkikaribia lango la aliyeshindwa, ngoma zinanyamaza, matawi yanashushwa, mnapita kama watu wanaotoka kwenye matanga.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sauti ya kusikika hadi Mukumu. Sikunyamaza. Nilisimama palepale langoni nikaimba jina la fahali wetu, na Lihanda, rafiki yangu wa rika, akanipigia ngoma. Yule mzee alikuwa ameinama, anampaka fahali wake majivu kwenye pembe. Hakuinua kichwa.

Babu aliposikia hakunipiga, na laiti angenipiga. Alichukua donge la magadi akalifunga kwenye jani la mgomba.

"Peleka kwa yule fahali. Umlambishe kwa mkono wako."

"Babu, si tumeshinda?"

"Radi ndiye ameshinda. Wewe hukupigana na mtu. Peleka."

Tulienda wawili, mimi na Lihanda. Ulimi wa fahali unakwaruza kama tupa, na mpaka leo nikifumba macho nausikia kwenye kiganja. Yule mzee akamwambia binti yake atuletee viti na uji. Yakaishia hapo. Njiani Lihanda aliniambia, "Mulina, siku nyingine tukishinda, tufunge midomo." Mulina kwa lugha yetu ni rafiki. Aliniita hivyo miaka yote. Nadhani kuna watoto hapa kijijini waliodhani ndilo jina langu la ubatizo.

Sasa nimefika. Huyo Lihanda ndiye habari yenyewe.

Tulitahiriwa siku moja, tukalala nyumba moja mpaka vidonda vikapona. Humo ndani tuliahidiana kitu ambacho vijana huahidiana wakiwa hawajui kifo ni nini, kwamba atakayebaki ndiye atakayesimama kwenye kaburi la mwenzake na kumsema kwa watu. Kumsema vizuri na vibaya, kama alivyokuwa. Nilikuwa na hakika ya jambo hilo kuliko nilivyokuwa na hakika ya mvua. Boma lake na langu yako kwenye mteremko mmoja, na njia yangu ya kwenda sokoni inapita langoni kwake. Hakuna nyingine, labda uruke mto.

Mwanawe, Javan, ndiye aliyetangulia kwenda Canada. Alianza kwa kuwaosha wazee wa watu hospitalini, akasoma, akawa mtu wa kusikilizwa, mpaka wakamchagua kwenye bunge la jimbo. Kule nchi imegawanywa majimbo, na kila jimbo lina bunge lake na mkubwa wake, kama sisi na kaunti zetu, ila jimbo moja laweza kumeza Kenya nzima na likabaki na njaa. Lao ni la ngano na baridi. Mwanangu wa kumzaa, Bramwel, alipomfuata, Javan alimngoja uwanja wa ndege ameshika koti mkononi, maana alijua huyu wa kwetu atashuka na shati. Akamlaza nyumbani kwake vipupwe viwili. Na mimi pia alinitumia koti, zito, la rangi ya kahawa mbichi, ndani lina manyoya. Hapa Kakamega huwezi kulivaa mchana, utaiva. Nililivaa asubuhi za matanga, na watu walilijua.

Ikafika mwaka huu wa uchaguzi wao. Bramwel naye akasimama, lakini kwa chama kile kingine. Si kwamba alimpinga Javan kitini, hapana, alisimama mji wa mbali. Ni vyama tu vilivyopingana. Usiniulize vilibishania nini. Kitu cha hospitali, na kitu cha makao ya wazee. Mimi na Lihanda tuliligeuza mchezo.

"Watoto wetu wamekuwa fahali," akasema.

"Wa kwangu hajaota hata pembe."

"Alikula kwa Javan wangu vipupwe viwili. Ataota."

Tukakubaliana kusikiliza matokeo pamoja. Wao wakimaliza kupiga kura jioni, huku kwetu ndiyo jogoo wanawika, kwa hiyo Lihanda alikuja na ubaridi wa asubuhi, tukaketi mlangoni na chai na viazi vitamu. Rosa, mke wa mwanangu mdogo, alishika simu. Kwenye simu kulikuwa na ramani ya jimbo, kila sehemu na rangi ya chama chake.

Mwanangu, umewahi kuona moto ukiingia shamba la miwa kule Mumias? Hauulizi ni mstari wa nani. Ndivyo ile ramani ilivyofanya. Sehemu moja ikabadilika, kisha ya jirani, kisha tano kwa mpigo. Kikombe cha pili kilipoisha Bramwel alikuwa ameshapita. Lihanda alinipiga bega kwa furaha ya kweli, naapa ilikuwa ya kweli, mimi namjua. Chama cha Javan kilibaki na madoa mawili matatu kandokando.

Halafu Lihanda akainamia simu. Macho yake si mazuri.

"Rosa, hiyo si ya Javan?"

"Ndiyo, baba."

"Imebadilika?"

Rosa akanitazama mimi kwanza. "Imebadilika, baba."

Lihanda akaweka kikombe chini na chai imo. "Haya," akasema. Akanipa mkono. "Hongera, mulina. Ngoja nikamfunge ng'ombe, nilimwacha hovyo." Akashuka na njia yake.

Hapo ndipo ningesimama nimfuate. Ilikuwa hatua mia labda. Lakini majirani walikuwa wameanza kuingia, mmoja na kuku, mwingine na ngoma, mwingine na mdomo wake tu. Wakasema haijawahi kutokea mwana wa mteremko huu ashinde hivyo, chama kizima kufagia jimbo zima. Walinibeba juu. Mimi ni mzee wa miaka sabini na tisa, meno sita, na hakuna mtu aliyekuwa amenibeba tangu tohara. Nilisikia vizuri, sitakudanganya. Nikaingia ndani, nikavaa koti, maana kulikuwa na ubaridi na nilitaka nionekane. Tukatoka tukielekea sokoni.

Nimekwambia njia ni moja.

Tulipokaribia lango la Lihanda, mpiga ngoma mmoja, mtu mzima, alipunguza mikono akanitazama. Alikuwa anangoja ishara yangu. Yeye aliijua ile adabu. Na mimi niliijua, niliijua kuliko wote waliokuwapo. Lakini wimbo ulikuwa umenishika kooni, na nilijiambia ni mambo ya Canada haya, si ya hapa. Nikainua tawi juu. Nikaimba jina la Bramwel, kisha nikaongeza maneno yangu mwenyewe kwamba wale wengine wamefagiwa, hata mbegu haikubaki.

Lihanda alikuwa kando ya ua, kamba ya ng'ombe mkononi. Yeye aliinua kichwa. Hakunitazama usoni, alitazama koti, kuanzia kola mpaka chini.

"Hilo koti linakukaa vizuri, Mzee," akasema.

Mzee, akaniita. Ngoma zilijinyamazia zenyewe.

Alasiri Bramwel alipiga simu. Nilidhani ananipigia kufurahi. Akasema, "Baba, nimetumiwa video." Kisha akasema Javan alimpigia mara tu kura zilipohesabiwa, akampongeza, akamwita ndugu, wakalia wote wawili kwenye simu. "Huku tukimaliza tunapeananga mkono, baba. Sasa nyinyi mlikuwa mnamchezea nani ngoma?"

"Si tumeshinda?" nikasema. Nilipolisikia neno hilo likitoka kwenye kinywa changu cha mapengo, nilikaa chini.

"Mimi ndiye nilisimama," akasema. "Wewe hata kura hukupiga."

Nilikaa siku mbili bila kutoka. Watu wakadhani ni miguu. Unajua kinachouma katika uzee si miguu. Ni kwamba wote waliokuwa na haki ya kukutuma wameshalala udongoni. Hakuna babu wa kukufungia magadi kwenye jani. Ukikosea, watu wanakuheshimu tu, na wanakuacha na kosa lako.

Sasa niseme neno langu kabla ya kumaliza, kwa sababu mwisho wa habari hii si mzuri na sitaki kuweka baraka juu yake.

Mwanangu, utashinda siku moja. Kama si wewe, ni mwanao, au chama chako, au timu yako, au kanisa lenu kwenye mashindano ya kwaya. Siku hiyo jiulize kwanza kama wewe ulipigana na mtu, au umebeba tu tawi. Mara nyingi wenyewe waliopigana wameshapeana mkono, na ni sisi wa kando tunaobaki tukiumizana. Imba nyumbani kwako mpaka sauti ikauke, hakuna anayekukataza. Ukifika langoni kwa aliyeshindwa, nyamaza. Na ukishakosea, nenda siku hiyohiyo. Usingoje mpaka upate maneno, maana maneno hayaji, na siku zinakwenda. Mimi nilingoja siku mbili nikidhani miaka sitini ya urafiki itaningoja.

Mungu akupe ushindi, mwanangu, na siku hiyo akupe na ulimi mzito. Akupe rafiki wa kukuita kwa jina la utotoni ukiwa na mvi. Akuwekee mkubwa wa kukukemea mpaka uzee wako. Na siku ya kuzikwa kwako, asimame mtu anayekujua.

Siku ya tatu asubuhi nilifunga donge la magadi kwenye jani la mgomba, nikashuka. Koti nililiacha. Nilimkuta Lihanda langoni na kofia yake ya kanisani, begani mfuko wa nguo. Zizi lilikuwa wazi.

"Nimemletea ng'ombe wako chumvi," nikasema.

"Alienda jana. Nimempa ndugu yangu wa Mautuma."

Nilijua ana shamba huko Mautuma, upande wa Lugari, yeye na ndugu yake, walilogawiwa na baba yao. Kila mwaka alisema ataenda kuliangalia, na kila mwaka alisema mteremko huu unamtosha.

"Na wewe?"

"Namfuata."

"Utarudi lini?"

Alichukua mkono wangu wenye lile jani, akalifungua kidogo akatazama kilichomo. Niliona amekikumbuka. Uso wake ulilegea, na kwa muda ule nilidhani ataniita mulina. Akalifunga jani, akakunja vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja, kama unavyomshikisha mtoto kitu asikiangushe.

Kisha akaweka mfuko wake sawa begani, akaanza kuupanda mteremko kuelekea barabarani, polepole, mguu wa kushoto ukiburuta. Alipita mlangoni kwangu bila kugeuka. Hajarudi.