Kitambaa Juu ya Skrini

Juzi, katika ofisi moja mtaani Kigobe, karani mmoja wa makamo aliinuka kwenda kula. Kwanza akazifunika skrini zake mbili, kila moja kwa kitambaa cha kufuma. Mkubwa wake, kijana, akacheka.

"Mama na we! Zinajifunga zenyewe kisha dakika kumi."

"Dakika kumi?" Akatutazama sisi wateja tulioegemea kaunta, shingo zimerefuka. "Apana. Hawa watakuwa wameshasoma yote."

Tukarudisha shingo zetu.

Nilikumbuka redio ya mama, kule Bwiza. Akitoka, aliifunika kwa kitambaa kama hicho, bila kufuli wala neno la siri, na mimi mtundu sikuthubutu kuigusa. Leo redio ninayo, mama hayupo. Bado naogopa kuifunua.